Kucha za Asubuhi Moja

Tangini, Kibaha
9 Machi 1975

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Sikuzani,

Shikamoo. Barua hii nampa Shomari, dereva wa lori la korosho, akuletee mkononi, maana ile niliyoitia posta mwezi uliopita sijui kama ilifika. Mimi ni mzima. Mafua yaliyonishika yamekwisha, na kazi yangu ya kupiga chapa inaendelea vizuri. Unga tunaopata dukani bado ni ule wa njano, lakini tumeuzoea. Laurensia, mwuguzi wa Bukoba ninayepanga naye nyumba moja, anakuamkia. Anasema zile korosho ulizotuletea sikukuu ya Idi zilimfanya ajute kuzaliwa mbali na mikorosho. Vipi mvua huko Mzenga? Shamba la kijiji mmeshapanda? Na mguu wa baba mdogo Saburi umepona?

Sasa nikueleze kilichonikalisha na kalamu Jumapili nzima. Laurensia ana vichupa viwili vya rangi ya kucha alivyopewa na dada yake, kimoja chekundu na kimoja cheupe. Jana tulikuwa uani, mimi nasuuza vikombe kwenye beseni, yeye anatikisa kile cheupe. Kifuniko hakikubana. Tone likadondokea kwenye maji yangu. Nilidhani litazama. Halikuzama, shangazi. Lilitanda juu ya maji likawa utando mwembamba, duara kamili, kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi. Laurensia akacheka, akadondosha jekundu katikati ya jeupe, nalo likajipanua ndani yake. Nikachukua sindano, nikavuta kutoka katikati kwenda pembeni. Yale maduara yakavutika yakawa mistari iliyopinda, myekundu na myeupe, kama ubao wa mninga uliopigwa randa.

Nikatumbukiza kidole, kwa mchezo tu. Kilipotoka, ile nakshi yote ilikuwa imehamia kwenye ukucha wangu. Ilishika ngozi pia, hadi kwenye pingili, nikawa kama niliyechinja kuku. Lakini ukucha wenyewe! Nimekaa nautazama mpaka uji ukaungua.

Nilitamani uwe karibu uuone, ndiyo maana nimeandika.

Mwanao,
Mwamvita


Mzenga, Kisarawe
30 Machi 1975

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Shomari na nimeisoma mwenyewe bila kumwita mtu. Nilikwama kwenye neno moja tu. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima amesema mwandiko wangu sasa unasomeka, kwa hiyo usiponielewa kosa ni la macho yako.

Mvua imeanza, si haba. Tumepanda mahindi na muhogo, wengine bado wanahamisha nyumba kusogea kijijini. Mguu wa Saburi umepona, analalamika kwa mazoea. Mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Nimesikia habari za kucha zako. Kwanza nilisema huyu mtoto nimemsomesha aje kuchezea maji ya beseni. Halafu siku ile ile nilikuwa nateka maji nikajikuta nayatazama juu, sijui natafuta nini.

Unasema rangi inashika na ngozi. Sisi kabla ya kubangua korosho tunajipaka mafuta ya nazi na majivu, ili yale mafuta makali ya ganda yasituunguze. Hayazuii yote lakini yanazuia. Wewe majivu huyahitaji. Jipake mafuta kuzunguka ukucha, ukucha wenyewe uache mkavu.

Pia huo mstari unaovutwa kwa sindano, je, mtu anaweza kuuchagua au unakuja wenyewe?

Shangazi yako,
Sikuzani binti Ramadhani


Tangini
4 Mei 1975

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na hongera kwa mwandiko. Nilimwonyesha Laurensia, naye akasema herufi zako zimesimama wima kuliko za daktari wao. Hapa sote wazima. Mvua imebomoa choo cha jirani lakini hakuna aliyeumia.

Mafuta ya nazi yamefanya kazi! Ngozi sasa naifuta kwa kitambaa, inabaki safi kabisa, na kila ninayemfanyia namwambia kwamba hiyo ni akili ya shangazi yangu.

Nimejifunza mengine pia. Maji ya mtungini yanaigandisha rangi kabla haijatanda, na ya moto yanaikunja. Yanayofaa ni yaliyolala kwenye sufuria. Rangi nzito iliyokaa siku nyingi inazama moja kwa moja. Ukucha lazima upakwe kwanza rangi nyeupe na ukauke, hapo nakshi inaonekana. Kidole kinaingia kimelala, ukucha ukitazama chini kwenye nakshi, na kabla ya kukitoa unazoa kwa kijiti utando uliobaki juu ya maji, la sivyo unakuja kujibandika mara ya pili na kuharibu kila kitu. Nimeharibu mara nyingi mpaka Laurensia ameficha vichupa.

Umeuliza kama mstari unachaguliwa. Unauchagua nusu. Unajua utakapoanzia kuvuta, lakini maji nayo yana lao, na sijawahi kupata vidole viwili vinavyofanana. Bwana Zahoro, mkubwa wetu ofisini, aliniona nikipiga chapa akaniuliza hizo kucha ni ramani ya wapi. Nilimwambia ya nyumbani. Hakunikataza.

Shomari amenichekesha. Ananiambia mara mbili amempakia kwenye lori lake mzee mmoja anayelinda mitambo ya maji kule Ruvu, jina lake Matano, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mara zote mbili ameshuka kwako. Nikamwambia labda ananunua korosho. Shomari akasema si msimu wa korosho.

Ni nani, shangazi?

Mwanao,
Mwamvita


Mzenga
15 Juni 1975

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mahindi yametoa mbelewele. Mmoja wa wale mbuzi mapacha amekufa, mwingine ana nguvu. Bi Kidawa anakusalimu, juzi ametoka kumpaka hina mwali wa upande wa pili wa kijiji, kazi nzuri kama kawaida yake.

Shomari angeangalia barabara.

Matano ni mtu wa Ruvu, amefiwa na mkewe miaka mingi. Alikuja na Saburi kuzungumza. Sasa unajua.

Nakuuliza jambo jingine. Hiyo rangi inashika kwenye ukucha uliopasuka? Na ukucha uliokuwa mweusi, weupe ule wa chini unaufunika? Tena mtu anayesali afanyeje, maana maji ya udhu lazima yafike kwenye ukucha, na rangi imeziba. Nyinyi vijana sijui mnafanyaje, sitaki kujua. Nauliza tu, nielewe jambo lenyewe.

Mistari ya ukili wa mkeka ninaposuka naijua kabla sijaanza. Hii yako isiyojulikana ndiyo inayonishangaza.

Shangazi yako,
Sikuzani


Tangini
2 Julai 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mahindi yamekomaa na mbuzi aliyebaki anaruka. Hapa hatujambo ila baridi ya asubuhi.

Nimesoma barua yako nikaiweka, kisha nikaisoma tena. Nitajibu ulichouliza. Ndiyo, inashika kwenye ukucha uliopasuka. Laurensia alijikwaa kisimani, ukucha wa dole gumba la mguu ukapasuka katikati, nikamfanyia huo huo. Ufa haukuonekana. Na mweusi unafunikwa, ukipaka nyeupe mara mbili. Kuhusu udhu, ipo dawa ya kutolea rangi, inaitwa asetoni, unafuta kwa pamba na ukucha unabaki kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kupakwa baada ya sala ya alfajiri akaitoa kabla ya adhuhuri. Itakaa asubuhi moja tu. Lakini asubuhi moja si kitu kidogo.

Shangazi, mikono yako naijua. Nilikuwa mtoto, nakaa pembeni ya kikaango, naona yale mafuta yanavyoruka na wewe hurudishi mkono. Naujua ule ukucha uliobaki nusu na lile dole gumba lililopinda. Nimesoma shule kwa mikono hiyo. Usiionee haya.

Na kama hutaki maneno ya huyo Matano, usijilazimishe kwa kuogopa upweke. Kuna chumba cha tatu katika nyumba hii, anayekikaa anahama. Nimeshamwambia mwenye nyumba asimpe mtu mwingine. Ungekaa hapa na mimi.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Mwamvita


Tangini
17 Agosti 1975

Shangazi,

Shikamoo. Shomari anasema alikukabidhi barua yangu na ukamshukuru, lakini kila akipita anarudi mikono mitupu. Anasema u mzima na unapalilia mikorosho. Anasema pia Matano hajaonekana siku nyingi.

Kama nimesema neno baya, niambie. Chumba bado kipo.

Mwamvita


Mzenga
28 Septemba 1975

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba. Tumo katika kumi la mwisho, Mungu atupokelee funga zetu. Mimi sijambo, Saburi hajambo, mikorosho imechanua vizuri mwaka huu na mingine imeanza kuangusha. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sina la kuandika. Sasa ninalo.

Nimemkubali Matano. Nikaha itakuwa Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba, asubuhi saa nne, hapa hapa Mzenga. Atahamia kwangu. Kazi ya ulinzi ameiacha.

Nakutaka uje siku moja kabla, na Laurensia kama atapata ruhusa. Njoo na bakuli lako, sindano na vichupa vyako. Njoo na hiyo asetoni. Maji nitayalaza mimi mwenyewe kwenye sufuria.

Bi Kidawa nimeshamwambia kwamba hina sitapaka. Amenuna kidogo. Nimemwambia aje aone.

Shangazi yako,
Sikuzani


Tangini
24 Oktoba 1975

Shangazi yangu, mke wa watu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mumeo pia. Tumefika salama. Lori liliharibika karibu na Mlandizi, tukakaa juu ya magunia ya korosho tukila biriani yenu mpaka fundi akapatikana. Laurensia amerudi hospitali na kazi yake ni kusimulia arusi.

Nami nataka kukusimulia wewe, maana ulikuwa ndani na kitambaa usoni, mengi hukuyaona.

Ulipotoa salamu ya mwisho ya sala ya alfajiri na kunyoosha mikono yako mbele yangu, niliogopa kuanza. Hukujua. Vidole viwili vya mwanzo viliharibika, rangi ilijikunja kama ngozi ya maziwa, nikafikiri nimesafiri njia yote ile kuja kukuaibisha. Laurensia ndiye aliyegundua kwamba upepo wa dirishani unakausha rangi juu ya maji kabla hujaingiza kidole. Tukalifunga. Kuanzia hapo kila kidole kilitoka vizuri kuliko cha kabla yake. Ule ukucha wa nusu nilikuwa nimeuogopa kuliko zote, na ndio uliopata mzunguko mwekundu katikati kama jicho la tausi. Na dole gumba lile lililopinda! Mistari ilifuata upindo wake wenyewe, ikazunguka nao. Ukucha ulionyooka usingeipata nakshi ile. Nimepaka wasichana wengi hapa Tangini wenye kucha laini, na sijapata kupaka kitu kilichonipendeza hivyo.

Wewe ulivigeuza vidole huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni, na mimi sikuthubutu kukuuliza.

Wanawake walipoanza kuingia, kila mmoja alikuja kukuamkia na kuushika mkono wako. Uliona walivyokuwa wakiushika, lakini hukuwaona walipofika uani. Waliitana. Waliokuwa jikoni waliacha vyungu. Bi Kidawa aliingia wa mwisho kwa makusudi. Alitazama muda mrefu, kidole baada ya kidole, halafu akatoka akaniketisha na kuniambia, "Mimi nimepaka mabibi arusi wa nchi hii yote, na mkono wangu kila mtu anaujua. Lakini hii haikuchorwa na mkono wa mtu." Kisha akaniuliza kama nitamfundisha. Bi Kidawa, shangazi, kuniuliza mimi.

Baba mdogo Saburi alipoingia na mashahidi kukuuliza kama unaridhia, ulijibu kwa sauti iliyofika mpaka barazani kwa wanaume. Na mzee Matano alipokuja kukupa mkono, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Aliutazama akatabasamu, na hakuuachia mpaka Saburi alipokohoa.

Halafu ukaniita uniambie adhuhuri inakaribia. Nilikuomba uache angalau kidole kimoja, ukanitazama tu, nikaenda kuleta pamba. Nilipokuwa nafuta nililia, na Laurensia alilia, wewe peke yako ulikuwa mkavu. Kucha zako zikarudi kama zilivyokuwa.

Nafurahi jambo moja. Kwamba mumeo mara ya kwanza alipokushika mkono aliukuta umepambwa, na kwamba kwa asubuhi ile moja hakuna aliyeona kilichokuwa chini yake. Kama nimekufichia hicho, nimerudisha kidogo katika yale uliyonifanyia.

Kile chumba amekipanga mtu mwingine. Ni fundi cherehani, mtu mpole.

Mwanao,
Mwamvita


Mzenga
16 Novemba 1975

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba, na Matano amepokea shikamoo yako. Sisi wazima. Korosho zimeanguka nyingi, tunaokota toka kunakucha. Matano anabangua na mimi. Wiki ya kwanza alikataa kujipaka mafuta, akasema ngozi yake ni ya mtu wa mtoni. Sasa anajipaka mpaka kwenye viwiko. Bi Kidawa anauliza habari za vichupa kila siku. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, kwani naye si anakuja darasani kwetu?

Barua yako nimeisoma barazani. Nilipofika kwenye Bi Kidawa nilicheka, na Matano akataka kujua, nikamsomea. Nilipofika mwisho sikumsomea.

Nimekaa na maneno yako siku kadhaa, maana mimi si mwepesi wa kuandika, na jambo hili nataka niliseme sawasawa.

Ulidhani nanyamaza kwa sababu ya mikono. Sikukulaumu, maana nilikuuliza maswali yale halafu nikakaa kimya. Lakini kimya changu kilikuwa cha jambo jingine. Matano alitaka nihamie kwake Ruvu. Mimi nikamwambia siihami mikorosho yangu. Akaondoka, akakaa huko miezi, na mimi sikumwita. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hatarudi. Siku moja katika mfungo akaja na kitanda chake kwenye mkokoteni, akakiteremsha mlangoni, akauliza kama kitapita. Ndiyo nikakuandikia. Kuhusu chumba ulichonishikia, nilikielewa tangu mwanzo, na nilielewa ulichokuwa hukisemi. Sikukujibu kwa sababu sikujua nikikatae vipi bila kukuumiza. Mlango wangu ni wako, niwe na mume nisiwe na mume.

Sasa kuhusu kuficha. Siku ya kwanza Matano alipokuja na Saburi, kabla hawajanywa hata maji, niliketi mkekani nikaweka mikono yangu yote miwili mbele yake, kama nilivyokuwekea wewe. Nikamwambia, "Itazame vizuri, usije ukasema hukuiona." Akaitazama. Saburi aliona haya akageukia pembeni. Matano akaniuliza, "Inakuuma?" Basi. Mwanangu, nimebangua korosho miaka yote hiyo, na watu wamenisifu kwa kazi na wamenihurumia kwa kucha, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma msimu ukianza, kisha inazoea. Akasema kumbe. Nadhani nilimkubali hapo hapo, nilichokuwa nangoja ni kitanda.

Kwa hiyo alipokuja kunipa mkono siku ya arusi, alijua kilichokuwa chini ya rangi. Ndiyo maana alitabasamu.

Wewe hukujua arusi yangu ya kwanza ilivyokuwa. Ulikuwa mwaka wa njaa. Niliolewa na kanga ya kuazima, hina haikupatikana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitafuta. Baadaye nilipoweza kuipata, mikono ilikuwa imeshaungua, na hina haishiki sawa kwenye ngozi ya namna hiyo, inatoka mabaka. Bi Kidawa anajua, alijaribu. Basi nimekuwa mtu wa kwenda kwenye arusi za wengine, nikashika tu taa ili wao wapakwe.

Ulipoandika habari za lile tone juu ya maji, sikufikiria ufa wala weusi. Nilifikiria jinsi unavyosema hakuna vidole viwili vinavyofanana. Maswali ya ufa niliyauliza kwa sababu nilitaka kujua kama kitu kile kitakubali kukaa kwangu. Na kilikubali. Ulipofungua mlango mwanga ukaingia, nilivitazama vidole vyangu nikasema moyoni, hivi ni vya nani? Vikanijibu ni vyangu. Ulisema nilikuwa mkavu wakati unafuta. Nilikuwa nimeshiba, mtu aliyeshiba halii.

Usijisifu kwamba ulinifichia kitu, Mwamvita, maana ulifanya kikubwa kuliko hicho. Mimi siku ile sikujificha. Nilijipamba.

Shangazi yako,
Sikuzani binti Ramadhani